Takataka za Mfukoni

Ofisini walimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kunyoa kichwa cha mtu maishani mwake. Alichonyoa ni msimbo, yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Mpe ukurasa mzima, atakurudishia nusu, na hiyo nusu itafanya kazi ileile tena kwa kasi zaidi. Mstari uliokaa bila kazi ulimkosesha usingizi. Wenzake walimtania kwamba ipo siku atanyoa mpaka kompyuta zibaki na upara. Alicheka pamoja nao, lakini moyoni jina lile alilipenda, na usingemwambia kitu.

Idara yao ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vioo, chenye zulia lililochanika mlangoni na kila mgeni lazima ajikwae. Kazi yao ilikuwa kutunza kiini cha mfumo endeshi. Hapa tuelewane mapema, maana ukiteleza hapa hutashika cha mbele. Kiini ni bawabu. Programu yoyote, iwe ya kuandikia barua au ya kupigia muziki, haishiki spika wala skrini kwa mkono wake yenyewe. Inafika mlangoni, inaomba, na bawabu ndiye anayeruhusu au kukataa. Mwenye kompyuta hamwoni bawabu huyo hata siku moja, na akimwona ujue mambo yameharibika.

Sasa bawabu wao alikuwa mpole tangu enzi na enzi. Programu ikija kuomba spika, alitazama ilichoshika mkononi basi: sauti ya namna gani, kwa kasi gani. Mifukoni hakupekua. Na kwa kuwa hakupekua, waandishi wengi wa programu waliacha takataka humo, tarakimu zisizo na maana, mabaki ya hesabu nyingine. Hakuna aliyedhurika. Ila Kinyozi alipoligundua jambo hilo alishika kichwa. Bawabu gani huyu? Kesho na keshokutwa wakitaka kuitumia mifuko hiyo kwa jambo la maana, watatofautishaje mali na taka? Akakaa, akaandika mabadiliko mafupi, safi, mazuri kuyatazama: kuanzia toleo jipya mifuko ipekuliwe, na mwenye taka arudi alikotoka.

Kila badiliko lilipita kwanza mikononi mwa Shangazi. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kiini, mama wa makamo mwenye mazoea ya kutafuna vifuniko vya kalamu, na wote walimwita Shangazi, hata mhasibu aliyemzidi umri. Aliyasoma yale mabadiliko, akamuuliza Kinyozi kama hakuna programu inayozitegemea taka hizo.

"Nani ategemee takataka, Shangazi?"

Shangazi akacheka, akapitisha. Toleo likatoka, likaingia katika mashine za watu, na Kinyozi akatembea wiki nzima na kichwa kimemvimba.

Malalamiko yalikuja mafupi, yameandikwa na fundi cherehani mmoja. Aliyeyafungua aliyasoma kwa sauti chumba kizima kisikie: mke wangu ameacha kusema tangu mlipobadilisha mashine, naomba mrudishe kama ilivyokuwa. Kicheko kikalipuka. Mmoja akasema wapo waume watakaolipia huduma hiyo. Mwingine akauliza kama inapatikana kwa mama wakwe pia. Shangazi peke yake hakucheka, maana alikuwa amesimama nyuma ya msomaji na macho yake yalishafika mstari wa chini. Akausoma yeye mwenyewe, polepole. Mke wa fundi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikatwa koo hospitalini kwa sababu ya ugonjwa, sauti ikaenda na kilichokatwa, na tangu hapo alisema kwa kompyuta, kwa programu aliyoandikiwa na kaka yake. Kompyuta ilijisasisha yenyewe Jumanne. Tangu Jumanne hajasema neno.

Aliyetaja mama wakwe akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Pale ofisini kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijausikia kwingine. Waliuita kwenda kukaa. Badiliko lako likizima programu ya mtu, humwandikii barua wala humtumii maelekezo. Unakwenda mwenyewe, unakaa alipo, unatazama mpaka umeelewa anaitumiaje. Na ukiwa huko ni marufuku kumwambia kwamba programu yake ni mbovu. Kinyozi aliujua utaratibu huo vizuri, alishawahi kuwacheka wenzake waliopelekwa. Sasa zamu ilikuwa yake, akaanza kujitetea.

"Lakini programu ile ina kosa, Shangazi. Inabeba taka mfukoni."

"Wiki iliyopita ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa."

"Na sasa?"

Kinyozi akainamia kibodi yake.

"Nani kabadilika, yeye au sisi? Nenda ukakae."

Jumamosi akaenda. Nyumba ilikuwa ndogo, cherehani dirishani, vipande vya nyuzi vimetapakaa sakafuni mpaka chini ya kochi. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa shingoni, na mkononi ameshika kibao cheusi na kipande cha chaki. Kinyozi akawaamkia. Mwalimu akatikisa kichwa na kutabasamu. Mumewe akaitikia kwa niaba ya wote wawili, akaendelea kusema kwa niaba ya wote wawili tangu hapo, na ilionekana kazi hiyo imemchosha.

"Mimi na huyu tumegombana miaka ishirini na zaidi," alisema. "Wiki hii nagombana peke yangu. Nauliza, najijibu, nashinda, halafu najisikia mjinga."

Mwalimu akamchapa begani kwa kibao, taratibu, kwa mazoea.

Ndipo fundi akaeleza jinsi programu ilivyozaliwa. Madaktari hawakuwaficha: uhai utabaki, sauti itakwenda. Kaka yake Mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika programu, akaja na maikrofoni, akatundika mablanketi kuta zote za chumba kilekile walichokaa, akamketisha dada yake katikati. Hakumwambia asome hadithi wala hotuba. Alimsomesha silabi. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Akapita nazo zote mpaka mbwa na nywa na ng'wa, siku baada ya siku, mpaka koo lenye ugonjwa likakauka. Alisema, dada, maneno yako siwezi kuyamaliza, lakini silabi zina mwisho. Kisha akaandika programu: Mwalimu akiandika neno, inaziokota silabi zake moja moja na kuziunga. Kwa mbali ilikuwa inakatakata, kama mtu anayesoma huku anashuka ngazi. Lakini ilikuwa sauti yake, si ya mwingine.

Kinyozi akauliza kama kaka anaweza kupatikana. Alikwishafariki, fundi akasema, mwaka uliofuata, ajali. Na kompyuta yake ndugu waliifuta wakampa mtu kabla yeyote hajafikiria kuuliza kilichokuwamo. Kwa hiyo maandishi ya programu hayapo tena. Iliyobaki ni programu yenyewe, imefungwa, haina wa kuifungua.

"Mwalimu mkuu amesema Jumatatu anakuja kukaa darasani," fundi aliendelea. "Ni mtu mwema, hana ubaya. Lakini mashine ikiwa bado bubu, darasa anapewa mwingine, na huyu anapelekwa stoo akatunze vitabu."

Kinyozi, katika kutafuta la kusema, akauliza kwa nini kwa siku chache hizi Mwalimu asingekuwa anaandika tu ubaoni. Mwalimu alimtazama, bila hasira, jinsi walimu wanavyomtazama mtoto aliyesahau penseli. Akachukua chaki, akaandika kwenye kibao, akamgeuzia.

*Ni darasa la kwanza. Hawajui kusoma. Nikiandika, nani atawasomea?*

Kinyozi aliyasoma maneno hayo mara mbili, masikio yakamwaka moto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani zulia limfunike.

Akakaa mbele ya kompyuta, akatazama. Programu ilikwenda mlangoni kuomba spika, mfukoni ina tarakimu moja isiyo na maana, na bawabu mkali wa Kinyozi akaifukuza. Na yule kaka hakuandika popote programu ifanye nini ikikataliwa, kwa kuwa haikuwahi kukataliwa. Basi ilinyamaza. Kinyozi aliliona kosa wazi, likamfika ncha ya ulimi. Akameza mate, akalinyamazia. Aliomba kuipeleka mashine ofisini. Mwalimu akaweka kiganja chake juu yake. Fundi akaeleza kwamba sauti ile haitoki nyumbani bila mwenyewe.

Jumapili alimkuta Shangazi ofisini, akamweleza yote, kisha akatoa pendekezo. Angeweza kuichokonoa programu ya Mwalimu, hata bila maandishi yake, akaitoa ile taka moja, na bawabu akabaki mkali kama alivyo. Mwalimu atasema, na kiini kitabaki safi.

"Na yule ambaye hana mume wa kutuandikia?" Shangazi aliuliza.

Kinyozi akarudisha upole wa zamani, shingo upande. Mifuko isipekuliwe. Ila kiburi ni kitu cha ajabu, ukikifukuza mlangoni kinachungulia dirishani. Hakuweza kuiacha kazi yake nzuri ife hivihivi, akaongeza kijimstari. Programu yenye taka ipite, sawa, lakini kiini kiandike onyo kwenye skrini, ili waandishi wa programu wajue na wajirekebishe. Alimwonyesha Shangazi.

"Onyo hilo linaishia wapi?"

"Kwenye skrini tu. Nani anayesoma?"

Shangazi akatafuna kifuniko cha kalamu, akapitisha. Naye alikuwa amechoka, na onyo lilionekana jambo la heri. Kinyozi alilijaribu kwa kijiprogramu alichokiandika mwenyewe, kikatoa mlio, yeye akaridhika akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi alifika shuleni kabla ya kengele, akakiweka kiini kipya katika mashine ya Mwalimu, juu ya meza yenye miguu isiyolingana, iliyokingwa kwa karatasi zilizokunjwa. Mwalimu akaandika neno moja, akabonyeza.

"Haya," ikasema mashine.

Ilikuwa mara ya kwanza Kinyozi kuisikia. Mwalimu alifumba macho kidogo. Kisha akamshika Kinyozi mkono, akautikisa kwa mikono yake miwili, naye Kinyozi akajiona ndiye mwokozi wa taifa.

Watoto wakaingia, wakajaa madawatini. Mwalimu mkuu akaja, akaketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani. Kinyozi akasimama kando yake, mikono nyuma. Mwalimu akaandika salamu zake, akabonyeza.

"Programu hii ni ya zamani, irekebishwe," ikasema sauti yake. "Hamjambo, watoto."

Darasa la kwanza hurudia anachosema mwalimu. Ndivyo linavyofundishwa, na lile lilikuwa limefundishwa vizuri.

"Programu hii ni ya zamani, irekebishwe!" wakaitika wote kwa pamoja, kwa furaha. "Hatujambo, Mwalimu!"

Mwalimu aliganda. Akafuta, akaandika upya, akabonyeza.

"Programu hii ni ya zamani, irekebishwe. Kaeni."

"Programu hii ni ya zamani, irekebishwe!" Wakakaa.

Kinyozi alielewa palepale. Kaka mtu, kwa kuwa hakujua dada yake atakuwa anaandikia wapi, alikuwa ameiambia programu isome kila neno jipya linalotokea kwenye skrini. Kila ikiomba spika, kiini kinaandika onyo, na zamu inayofuata programu inalisoma. Asubuhi ilisema neno moja tu, onyo likabaki linasubiri. Skrini ambayo yeye alisema hakuna anayeisoma ilikuwa inasomwa mbele ya darasa, kwa kinywa cha mwanamke huyu, kila anapokitumia. Kinyozi kumdharau Mwalimu kwa kinywa chake tayari kungekuwa jambo baya. Yeye alimdharau kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe.

Mara ya tatu watoto hawakungoja mashine, waliisema wenyewe, na wa nyuma wakaipigia makofi. Mwalimu akaondoa mikono kwenye kibodi, akaishusha mapajani. Mwalimu mkuu akajinasua kutoka kwenye kile kiti, akasema kwa upole kwamba baada ya mapumziko wataangalia mpango mwingine. Upole ule ulimuuma Mwalimu kuliko makaripio, usoni ilionekana.

Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio. Kinyozi akamfuata mwalimu mkuu mlangoni.

"Nipe mapumziko haya tu," alisema. "Kosa ni langu. Si la Mwalimu, wala si la programu yake. Ni langu mimi."

Mwalimu mkuu akamtazama, akatazama saa, akarudi ndani.

Kinyozi akaketi kwenye dawati la watoto, akafungua kompyuta yake, akampigia Shangazi. Hakumzungusha. Alimwambia onyo linasomwa, kwa sauti ya Mwalimu, mbele ya watoto. Shangazi akasema yeye ndiye aliyelipitisha, na Kinyozi alitoe lote, lisibaki hata nukta. Akalitoa. Katika miaka yake yote ya kunyoa hakuwahi kukata kitu chake mwenyewe kwa haraka namna ile. Lakini kiini hakijengwi kwa kufumba na kufumbua. Kompyuta yake ilikuwa inahangaika nacho, kengele ikalia tena, watoto wakarudi na jasho na vumbi, wakakuta Mwalimu amesimama mbele yao. Aliwanyamazisha kwa kiganja. Akawaongoza kupiga makofi, mawili, moja, mawili, moja, na walimfuata, na Kinyozi alikuwa anatokwa jasho huku anahesabu makofi badala ya kutazama skrini.

Kiini kikaiva. Akakihamisha, akaizima mashine ya Mwalimu, akaiwasha, akarudi ukutani.

Mwalimu akaandika, akabonyeza.

"Kaeni vizuri," ikasema mashine. Wakakaa vizuri. Yeye na Mwalimu walijua kwamba hiyo si kitu bado, ni ya pili ndiyo yenye kesi. Mwalimu akaandika tena. Kidole kikasimama juu ya kibonyezo, kikashuka.

"Leo tunasoma silabi."

Basi. Hakuna kingine. Mwalimu mkuu alisubiri mara ya tatu na ya nne, halafu akamwinamia Mwalimu, akamwambia darasa ni lake na samahani kwa usumbufu, akaenda zake. Kinyozi alipaswa kuondoka naye, lakini miguu ilikataa. Akaketi kwenye kile kiti cha mtoto.

Ndipo alipoisikia sauti yenyewe. Maneno marefu yalikatakata, maana yaliungwa. Silabi hazina kiungo. Kila moja ilikuwa nzima, jinsi mwanamke yule alivyoitamka siku ile kati ya mablanketi, pumzi yake na kila kitu. Ba, ikasema. Ba, wakajibu. Be. Be. Kinyozi alihisi macho yanamwasha, akajisingizia vumbi la chaki.

Wakafika kwenye ha, he, hi, ho.

"Hu," ikasema mashine, na nyuma ya hu, kwa mbali, mwanamume akakohoa.

"Hu," wakaitika watoto, na darasa zima likakohoa. Hawakucheka hata kidogo. Walikohoa kwa bidii na adabu, kwa sababu ndivyo walivyojua, kwamba hu huishia na kikohozi.

Kinyozi alicheka kimoyomoyo mpaka mabega yakamtikisika. Halafu mkono ukaanza kumwasha, si unamjua. Hiki sasa kilikuwa kitu anachokiweza, kitu kidogo cha kumfanyia Mwalimu kwa mabaya yote aliyomtendea. Watoto walipotoka akasogea mezani.

"Mwalimu, ile hu ina kelele kwa nyuma. Nikiishika kidogo tu naikata, haisikiki tena."

Mwalimu akavuta kiti. Akaketi, akaandika bila haraka, akabonyeza.

"Huyo," ikasema sauti yake, na katikati ya neno kile kikohozi kikapita, "ni kaka yangu. Mwache."

Kinyozi alisimama pale, asijue aiweke wapi mikono yake. Kisha akafunga kompyuta yake, taratibu, akaitia begani. Nje, chini ya dirisha, watoto walikuwa bado wanafundishana hu, na kila aliyeitamka alikohoa.